Taa Zinazofuata Ngoma

Usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, familia nyingi za Marekani hupamba nyumba zao kwa mifupa ya plastiki, mizuka ya vitambaa na maboga yaliyochongwa nyuso. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Hufunga taa mamia kwa maelfu, wakaziunganisha na kompyuta, na muziki unapoanza kila taa huwaka na kuzimika kwa mdundo, huku boga la taa likifumbua kinywa pale pale mwimbaji anapotamka neno. Hapa Bariadi hatuna sikukuu hiyo, Halloween, na sioni haja ya kuileta. Ufundi uliomo ndani yake, hata hivyo, unafaa sana mkoani Simiyu, kwa kuwa sehemu yake ngumu si taa wala umeme. Ugumu uko katika kupanga wakati, na hiyo ni kazi ambayo Wasukuma wameifanya kwa ustadi tangu karne ya 19.

Ushahidi uko kwenye mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyojihesabu kutoka kwa mahasimu wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Sheria hiyo moja imewafanya mamanju, yaani viongozi wa ngoma, kuwa wabunifu wakubwa: wamecheza na chatu, wamebuni mavazi, wamechonga sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa. Fikiria maana yake kwa fundi. Sanamu ikiinua mkono baada ya ngoma kulia badala ya kuinua pamoja nayo, mtazamaji anageuka na kwenda upande wa pili. Hapo hakuna wingi wa sanamu utakaomrudisha.

Hata huko Marekani mambo ni hayo hayo. Mwaka 2004 Carson Williams, mhandisi wa mji wa Mason jimboni Ohio, alipamba nyumba yake kwa Krismasi akitumia taa takribani 16,000. Nyumba zenye taa nyingi zilikuwapo kabla yake. Kilichomtofautisha ni kwamba aliziweka kwenye chaneli 88, kila chaneli ikiwaka kwa amri yake, kisha akakaa na wimbo mmoja saa nyingi akipanga kila pigo. Video yake ilienea dunia nzima, na mwaka 2005 magari ya watazamaji yalijaa mtaani kiasi cha kumlazimu asimamishe onyesho. Muziki aliurusha kwa redio ndogo ya FM ili asiwakere majirani. Hapa kwetu kurusha matangazo kunahitaji leseni ya TCRA, hivyo spika ya kawaida yenye sauti ya kiasi inatosha.

Siku hizi kazi hiyo ni nyepesi zaidi. Kuna nyuzi za LED za volti 5 ambazo kila taa ina kidude chake cha kielektroniki, hivyo waya mmoja wa taarifa unaweza kuiambia taa ya saba iwe nyekundu na ya nane izimike. Programu ya xLights hupatikana bure. Fundi hufungua wimbo humo, akaona mawimbi ya sauti, akaweka alama kila ngoma inapolia. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Programu ikituma amri mara 20 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo kuna nafasi 10 za kubadilisha mwanga. Ndani ya nafasi hizo kumi ndimo sanaa ilimo: taa iwake ghafla na kufifia taratibu kama sauti ya ngoma yenyewe, au ikae gizani ili pigo linalofuata lishtue. Vijana wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza huwasha kila kitu kwa pamoja, na jicho linachoka kabla wimbo haujafika nusu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuuleta ufundi huu Simiyu ni umeme. Taa moja ya aina hiyo ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hutumia takribani miliampea 60. Taa 50 basi ni ampea 3, yaani wati 15, na kwa kawaida haziwaki zote kwa nguvu hiyo. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 7 huhifadhi wati-saa 84. Hata ukitoa hasara ya kifaa cha kushusha volti na matumizi ya spika, onyesho la saa moja linawezekana bila kugusa nguzo ya TANESCO. Volti ndogo ndiyo salama pia. Nyaya za volti 230 zilizotandazwa kwenye nyasi zenye umande, watoto wakikimbia juu yake, ni hatari isiyo na kisingizio. Kwa volti 5 tahadhari kubwa ni mbili: kila kifaa kishiriki waya mmoja wa hasi, vinginevyo taa hupepesa ovyo, na uzi mrefu ulishwe umeme pande zote mbili, la sivyo taa za mwisho hugeuka nyekundu-nyekundu kwa kukosa nguvu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Watu watasema mizuka na wachawi wa Halloween si mchezo wa kuleta Usukumani. Ni kweli. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa jikoni, sanamu ya bibi mchawi mwenye macho mekundu ni ukatili, hata kama aliyeitengeneza alitaka kuchekesha. Fundi wa Bariadi asiiguse. Lakini kasoro hiyo iko kwenye sura zilizochaguliwa, haiko kwenye taa wala kwenye muziki. Mfano upo: Padre David Clement alipoanzisha kazi yake Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, miaka ya 1950, alikuta ngoma za Kisukuma zikitazamwa kwa shaka na Wakristo wengi kwa sababu ya dawa zilizoambatana nazo. Aliziingiza ngoma kanisani na kwenye Bulabo, sherehe ya Ekaristi Takatifu, na zimebaki hapo hadi leo. Kwa taa, ningeanza na nungunungu, mnyama ambaye wawindaji wake walikuwa na chama chao cha ngoma. Mwili utengenezwe kwa fito na gunia, kila mwiba upewe taa moja, na miiba isimame kwa mwanga kuanzia mkiani hadi kichwani kila ngoma kubwa inapolia.

Atakayesema kwamba mkoa wa wakulima wa pamba una mahitaji ya haraka kuliko taa za kuchezea, atazame kile kijana anachojifunza: kupima ampea, kuunganisha nyaya kwa risasi bila kuunguza, kugawa wakati kwa hesabu, kuandika amri ambazo mashine hutii. Ni ujuzi ule ule unaohitajika kwenye pampu ya sola na kwenye mashine za kuchambua pamba. Tofauti ni kwamba hapa kosa linaonekana papo hapo na halimgharimu mtu mazao. Mahali pa kuujaribu papo: viwanja vya Nyakabindi, palipofanyika maonyesho ya kitaifa ya wakulima, Nanenane, mwaka 2018, 2019 na 2020. Agosti mvua ni adimu. Wapewe Wagika upande mmoja na Wagalu upande wa pili, kila upande na manju wake, mafundi wake na taa 50 tu, wote waanze kwa wakati mmoja, na mshindi apatikane kwa kanuni ile ile ya zamani: umati umesimama wapi.