Nuru Iingie, Sitara Ibaki

Mtindo wa nyumba nyeupe, yenye vyombo vichache na nuru tele, umeenea Watamu. Katika fleti za maorofa kuta za ndani zinabomolewa, madirisha yanashushwa hadi sakafuni, na sanduku la bibi linatafutiwa mnunuzi. Wengi husema mtindo huu umetoka Ulaya. Sisi hatuafiki.

Mwendo mfupi kutoka hapa pana Gede, mji wa kale ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na ambao UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2024. Tazameni magofu yale. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwani urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kuta za matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa, na vidaka vidogo vya taa vikachimbwa humo humo ukutani. Nuru iliingia kutoka uani, si kutoka njiani.

Fleti haina ua, na hapo ndipo penye mtihani. Kioo kikubwa kinachoelekea magharibi huleta jua la alasiri pamoja na macho ya jirani. Matokeo yake tunayaona: pazia zito hufungwa mchana kutwa, taa ikawashwa saa nane, na nuru iliyogharimu fedha nyingi ikabaki nje.

Kabla ya kuvunja chochote, ondoeni kabati lililoziba dirisha, kisha pakeni kuta na dari rangi nyeupe. Pakihitajika zaidi, dirisha la juu karibu na dari, au matofali ya matundu kwenye roshani, huleta mwanga na upepo bila kumfunua aliye ndani. Ukuta unaobeba zege la juu usiguswe kabla mhandisi hajaukagua. Neno la fundi peke yake halitoshi.

Ama kupunguza vyombo, wazee wetu walikijua kitambo. Chumba cha pwani hakikuachwa wazi ili kitazamwe. Kilingoja watu: mkeka ulitandikwa wageni wakija, safu ya sala ikapata nafasi, kisha ukakunjwa. Kochi kubwa la pembe liuzwe kwanza. Sanduku la bibi likae chini ya dirisha. Litakuwa kiti, na shuka za wageni zitahifadhiwa ndani yake.