Programu haina macho, tuiandikie vizuri

Ndugu wafanyakazi, sisi wa sendika tulianza kutumia programu ya akili bandia, ile inachagua yenyewe vyombo vya kutafuta na kuhesabu. Kidogo tu ingetupoteza.

Mwenzetu mumoja aliuliza: «Juma lililopita, saa zangu za ziada ni ngapi?» Programu ikajibu: «Hakuna.» Alikuwa karibu kutia sahihi karatasi ya mushahara. Tukahesabu kwa mukono: siku 6, saa 9 kila siku, ni saa 54. Sheria ya kazi inaweka 45 kwa juma. Saa 9 zilikuwa zinapotea!

Kosa lilikuwa letu. Vyombo viwili tuliviita «Saa» na «Saa 2», na maelezo ya kila kimoja ni haya tu: «Kinaonyesha saa.» Kimoja kina saa zilizopangwa, kingine saa zilizofanywa kweli. Programu haioni ndani ya chombo. Inasoma maelezo, halafu inachagua. Ni kama kumutuma kijana mupya magazini, na masanduku hayana alama. Ataleta tu kitu.

Sasa tumeandika: «Kinasoma saa mufanyakazi alizofanya kweli. Omba namba yake ya kazi na tarehe ya kuanza juma. Usikitumie kwa saa zilizopangwa. Kama siku moja haikuandikwa, sema haikuandikwa, usiweke sifuri.»

Tukauliza tena. Ikajibu: 9. Lakini karatasi yako, ndugu, uihesabu wewe mwenyewe pia, mbele ya kutia sahihi.