Kufundisha Hifadhi ya Samaki: Mfano wa Chumbe

Mtoto wa Chukwani au wa Malindi huingia darasani akiwa amekwisha kuwaona changu, tasi na pono dikoni, na huenda amekwisha kumsaidia babu yake kutega dema. Mwalimu anayelianza somo la uvuvi kwa kusoma kitabuni humfundisha mtoto huyo analolijua, tena kwa ufasaha uliopungua. Lisilomdhihirikia mtoto ni hili: vipi kuzuia uvuvi mahali pamoja kunaweza kumfaa mvuvi wa mahali pengine?

Kisiwa cha Chumbe, yapata kilomita 12 kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, ni mfano ulio karibu. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyafanya matumbawe ya upande wake wa magharibi kuwa hifadhi isiyovuliwa. Kazi za mwanzo zilisaidiwa na watu wa kujitolea, na wavuvi wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuwa walinzi. Walinzi hao hawachukui silaha. Mvuvi akiingia, humwendea na kumweleza. Kwa maoni yangu, hao ni walimu wenzetu. Humo zimehesabiwa aina zaidi ya 400 za samaki. Samaki aachwaye hukua, na jike kubwa hutaga mayai mengi kuliko dogo. Mayai na vichanga huchukuliwa na mkondo hadi nje ya mpaka.

Maelezo hayo hayatoshi kwa mtoto wa darasa la nne. Mpe kunde. Kila kundi lipate sinia na punje 20, ambazo ndizo changu. Kila "mwaka" wavuvi wachote wasizidi 12, kisha kila punje mbili zilizobaki zizae moja. Kundi la kwanza livue popote: litapata 12, litabakiwa na 8 zitakazokuwa 12, litachota zote, na mwaka wa tatu sinia litakuwa tupu. Kundi la pili liweke punje 10 katika kikombe kisichoguswa, na zizaliwazo zimwagwe siniani. Hata likikomba sinia lote, litapata 10, kisha 5 kila mwaka. Mwaka wa nne litakuwa limevua 25, na wenzao wameishia 24.

Kundi la pili litanung'unika mwaka wa pili. Waache wanung'unike, maana hapo ndipo penye somo. Mtoto mmoja, na pengine baba yake ni mvuvi, atauliza: "Mwalimu, na mwaka ule wa 5, nyumbani tutakula nini?" Usimnyamazishe. Andika swali lake ubaoni, nalo liwe la kwanza kuulizwa walinzi mkizuru Chumbe. Shule isiyoweza kusafiri na imwalike mvuvi mzee darasani, aulizwe yeye.

Kabla ya ziara, tazama jedwali la maji kupwa na kujaa, na uwaonye watoto wasikanyage matumbawe, kwani ni viumbe hai.