Sikukuu Rumonge: matembezi marefu, mbwa kando, ziwa mbele

RUMONGE. Sikukuu ya Kupaa Bwana ni moja ya siku ambazo kalenda za majirani hazipatani. Burundi hufunga ofisi. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ni Alhamisi ya kazi kama nyingine. Mfanyabiashara aliyeingia kupitia Mugina akitarajia kumaliza karatasi zake Rumonge siku hiyo hulazimika kungoja hadi kesho yake.

Lakini kungoja si lazima kuwe kulala. Sikukuu hii huangukia kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, wakati mvua za masika zinaelekea ukingoni na vumbi la kiangazi bado halijapanda. Kwa mwenyeji mwenye mbwa, au mgeni aliyefikia kwa jamaa mwenye mbwa, hakuna siku bora zaidi ya kutembea kwa miguu kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Mji wenyewe uko karibu kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Anayeelekea kusini, upande wa Nyanza-Lac, hutembea ziwa likiwa kulia kwake na milima ya Burundi kushoto. Ng'ambo, hewa ikiwa safi baada ya mvua, huonekana milima ya Kongo na rasi ya Ubwari, katika eneo la Fizi. Njiani ni michikichi mtindo mmoja. Rumonge ndiyo moyo wa mafuta ya mawese nchini Burundi, na harufu ya ngazi zinazochemshwa humfikia mbwa muda mrefu kabla ya bwana wake.

Asubuhi na mapema ndiyo saa yake. Jua likishapanda, lami huunguza nyayo za mbwa, na mnyama asiyetoa jasho kama binadamu hupoza mwili kwa kuhema tu. Atembezwe kwenye udongo na majani, apumzishwe kivulini, na maji yake yabebwe kwenye chupa.

Ufuko si ule wa methali

Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Katika Ziwa Tanganyika, methali hiyo inahitaji tahadhari. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, lakini hatari kwa mbwa haiko kwenye kilindi. Iko palepale ukingoni, penye matete na midomo ya mito, ambapo mamba hujificha na viboko hupanda kula majani. Mamba aliyepewa jina la Gustave, ambaye watu wengi walimhusisha na vifo vya binadamu kati ya mto Rusizi na mwambao huu, alitengenezewa filamu ya matukio ya kweli mwaka 2004. Mbwa anayeogelea akifuata kijiti kilichorushwa majini ni chambo.

Ukingo wenyewe pia umehama. Miaka ya karibuni maji yamepanda na kumeza nyumba, mashamba na vipande vya barabara, kuanzia Gatumba karibu na Bujumbura hadi Rumonge. Ziwa hupokea mito mingi lakini lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga ulioko Kalemie, Kongo. Mvua zikizidi, maji hayana haraka ya kuondoka. Njia ya miguu iliyokuwa kavu miaka michache iliyopita inaweza leo kuishia kwenye ukuta uliozama nusu. Penye maji yaliyotuama katikati ya makazi yaliyofurika, mbwa asiachwe anywe, na mtu asiingie miguu mitupu. Kichocho kipo katika mwambao huu, na kipindupindu kimewahi kuupiga zaidi ya mara moja.

Mwaloni, kamba ifupishwe

Sehemu inayohitaji adabu kubwa kuliko zote ni mwalo. Hapo ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, huanikwa juani. Kwa mchuuzi aliyeweka mtaji wake wote kwenye mafungu hayo, mbwa mmoja aliyefunguliwa anaweza kuharibu bei ya siku nzima. Samaki waliokanyagwa au kulambwa hawauziki, na mnunuzi aliyeona tukio hilo hatarudi kwenye kichanja kile.

Kuna na suala la dini. Rumonge ni mji wa Waswahili na Waislamu wengi. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, walio wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda anaruhusiwa, ila anayepita karibu na msikiti au mkeka wa kuswalia anatakiwa kushikiliwa. Mwenye mbwa huvuta kamba, husalimia, na hupita upande wa pili wa njia. Akifanya hivyo hakuna atakayemlaumu.

Mashambani nako ni vilevile, kwa sababu nzito zaidi. Ardhi ya mwambao huu ina kumbukumbu. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia sehemu hizi za Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili. Yakafuatwa na mauaji makubwa nchini kote na wimbi la wakimbizi walioingia Tanzania. Wengi walirudi zaidi ya miaka 30 baadaye, wakiwa na Kiswahili kinywani, na kukuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine. Kwa hiyo mgeni anayekatiza shamba na mbwa bila kubisha hodi anakanyaga jambo nyeti asilolijua. Neno moja la kuomba njia linatosha, iwe kwa Kirundi au kwa Kiswahili.

Msituni mbwa hubaki nje

Kusini mwa mji uko msitu wa Kigwena, kipande kilichosalia cha misitu iliyokuwa ikifunika tambarare za ziwa. Ni hifadhi, na wanyama wake, wakiwemo nyani, hawahitaji kufukuzwa na mbwa. Anayetaka kuingia huwaona kwanza walinzi wa ofisi ya Burundi ya ulinzi wa mazingira, OBPE, na mbwa hubaki nje.

Sharti hilo halitokani na ukali. Mbwa wa nyumbani hubeba maradhi ambayo wanyama wa porini hawana kinga nayo. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Safu ya milima inayoanzia hapa huendelea kusini hadi Gombe, nchini Tanzania, walipo sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Maradhi hayasomi ramani ya mipaka.

Cheti kinachookoa

Hapo ndipo matembezi ya sikukuu yanapogusa biashara. Mbwa wa Rumonge haendi peke yake: hupanda boti kulinda mzigo, hulala chini ya lori, na watoto wake hutolewa zawadi kwa jamaa wa Kigoma au Baraka. Kila safari kama hiyo yaweza kubeba kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Karibu kesi zote za binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Takribani wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, mgonjwa karibu hana namna ya kupona. Lakini kabla ya hapo chanjo huokoa, na imekuwa ikiokoa tangu Louis Pasteur alipoitumia kwa mtoto aliyeumwa mwaka 1885.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni sikukuu na hata kama jeraha ni dogo. Asisubiri kuona mbwa atafanya nini, wala asivuke mpaka kwanza akidhani atatibiwa nyumbani.

Kwa upande wa mbwa, wataalamu wanasema asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mwambao wenye watu wanaovuka kila siku hauwezi kufikia kiwango hicho upande mmoja tu.

Soko la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limelegeza safari za watu na bidhaa. Cheti rahisi cha asili kimewasaidia wachuuzi wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Lakini hakuna kati ya hayo kinachochukua nafasi ya karatasi za mifugo. Mbwa anayevuka anahitaji kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha nchi anayoingia. Mtoto wa mbwa aliyefichwa ndani ya boksi kati ya madumu ya mawese anaweza kumponza mwenye mzigo wote. Burundi inajua gharama ya maradhi ya wanyama: mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia, usafirishaji na uchinjaji wa mifugo ulisimamishwa, na wachuuzi wakabaki bila kazi.

Kosa la kawaida ni kutafuta chanjo siku ya safari. Mbwa aliyechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji wiki kadhaa kujenga kinga, na nchi nyingi hudai muda huo upite kabla hajaruhusiwa kuingia. Anayechanja mbwa wake wakati wa Kupaa Bwana atakuwa tayari ifikapo Julai mosi, sikukuu ya uhuru wa Burundi wa mwaka 1962. Siku hiyo pia ofisi za Rumonge zitafungwa na za Kigoma zitakuwa wazi. Mvua itakuwa imekwisha, njia itakuwa kavu, na kadi ya mbwa itakuwa mfukoni pamoja na hati ya kusafiria ya mwenyewe.