Nje ya Nini? Dhana ya Mwelekeo wa Nje katika Kiswahili

Neno la Kiingereza outward halina neno moja linalolingana nalo katika Kiswahili. Lina maana tatu kuu: mwelekeo wa kitu kinachoondoka kitovuni, sura inayoonekana, ikilinganishwa na yaliyo moyoni, na sehemu ya kwanza ya safari. Maana ya pili haina taabu: "Kwa nje alionekana mtulivu." Ya tatu haihitaji hata neno nje, kwani husemwa "safari ya kwenda". Utata umo katika maana ya kwanza, na ndiyo nitakayoijadili.

Tuitazame sentensi "Ametoka nje." Msikilizaji mmoja ataelewa kuwa mtu alikuwa chumbani na sasa yuko uani. Wa pili ataelewa kuwa alikuwa uani na sasa ameingia. Wa tatu atadhani amerejea kutoka ng'ambo. Wote watatu wana haki. Sababu ni kwamba nje hutaja mahali tu, haitaji mwelekeo. Hali ni hiyo hiyo kwa nomino zenye kiambishi tamati -ni: yuko mjini, anakwenda mjini, anatoka mjini. Umbo la nomino halibadiliki. Mwelekeo hubebwa na kitenzi, na pale kitenzi chenyewe kinapokuwa na maana mbili, kama kutoka, muktadha ndio huamua. Mkazi wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru, husema anashuka Morogoro, kisha anapanda kurudi kwake. Vitenzi hivyo viwili vinamtosha.

Milima hiyo hiyo inatupa mfano wenye uzito zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Upinzani ulizuka kuwa ghasia mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyoleta ugomvi huo. Shuruti na ugumu wa kazi vilitosha. Hata hivyo, matuta yenyewe yana funzo kwa mwanaisimu. Tuta ambalo uso wake umeinama kidogo kuelekea mlimani hupunguza kasi ya maji. Lililoinama kuelekea bondeni huyaachia yateremke na udongo.

Kiingereza hutaja hali hii ya pili kwa outward. Sasa mfasiri wa kijitabu cha kilimo akiandika "uso wa tuta usiinamie nje", mkulima atauliza: nje ya nini? Tuta halina ukuta wala mlango. Akichukulia kuwa ni nje ya shamba, na mpaka wa shamba lake uko upande wa juu, atafanya kinyume cha alichoagizwa, na udongo wake utaishia katika vijito vinavyolisha Mto Ruvu. "Usiinamie bondeni" ingemwepusha na hasara hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika nje, mfasiri ajiulize mambo mawili: kitovu ni kipi, na kitenzi gani kinabeba mwendo? Kitovu kisipojulikana, ataje alama iliyopo mbele ya msomaji: bonde, mlima, barabara, mto. Huo si upungufu wa Kiswahili. Lugha hii humtaka msemaji aonyeshe kwanza mahali aliposimama.