Kompyuta Ndogo Isitupwe Upesi

Kijana arudi nyumbani jioni, amwambia baba yake: "Baba, kompyuta yangu imechoka. Naiwasha, nakwenda kunywa chai, narudi, bado haijawa tayari. Yafaa tununue mpya." Baba ashika kichwa, kwa maana hata ada ya shule bado haijalipwa.

Ndugu msomaji, kabla hujauza mbuzi, sikia kwanza. Mara nyingi kompyuta mpakato ya namna hiyo haikuchoka yote. Kilichochoka ni diski. Ndani ya diski ya zamani mna sahani izungukayo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo huisoma kikiwa karibu nayo sana. Kazi hiyo ni ya polepole. Tena ikipata kishindo huku inazunguka, sahani yaweza kukwaruzwa na yote yaliyomo yakapotea. Diski ya siku hizi, iitwayo SSD, haina kitu kizungukacho, nayo ni ya upesi zaidi.

Tutwae mfano wa ThinkPad X220 iliyotoka mwaka 2011, yenye kioo cha inchi 12.5. Kifuniko cha diski yake kina skrubu moja tu. Lakini pima kwanza: nafasi yake ni ya diski yenye unene wa milimita 7, ile ya milimita 9.5 haiingii. Tena ina nafasi mbili za kumbukumbu ya RAM, aina ya DDR3. Mwenye GB 2 akiongeza hadi 8 ataona tofauti. Zima mashine, chomoa waya, toa betri, ndipo ushike bisibisi. Ila jihadhari: kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imelehemiwa, haibadilishwi. Uliza kabla ya kutoa fedha.

Kutengeneza bila kutunza ni kuteka maji kwa pakacha. Usiiweke kitandani ikiwa inafanya kazi, maana godoro huziba matundu ya hewa, nayo hupata joto. Ondoa vumbi katika feni. Uibebe ikiwa imezimwa, katika mfuko wenye sponji. Radi ikinguruma, chomoa chaja. Na kama yatumia Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Linux hupatikana bure, na aina zake nyingi hufaa mashine za zamani.

Juu ya yote, kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, nakili kazi na picha zote mahali pengine. Fanya hivyo kila juma, kwa kuwa hata SSD yaweza kufa ghafula bila dalili. Diski hununuliwa dukani. Picha ya arusi ya mama haiuzwi popote.

Basi, baba, keti na kijana wako mezani, mwifungue pamoja. Mbuzi na akae zizini kwanza.