Ukienda Ngorongoro, Ulale Wapi?

Mavuno yameingia ghalani, deni la mbegu limelipwa, na fedha kidogo imesalia. Watoto wanakuuliza: "Baba, wageni wanaopita hapa kila siku huenda kuona nini?" Mtoto wa Rhotia huyaona magari ya watalii tangu hajajua kutembea, wala hajapata kumwona kifaru, naye kifaru yu karibu naye kuliko soko la Arusha. Basi umeamua: mwaka huu twende. Umefanya vema. Lakini fedha ya jamaa nzima yaweza kupotea kwa siku moja usipouliza kwanza.

Waingereza nao wana shughuli kama hiyo. Tangu miaka ya 1950 na 1960 wengi wao huenda Hispania kuota jua la pwani, na kabla ya kulipa huulizana: mji upi una kelele, hoteli ipi iko mbali na bahari? Hawaoni haya. Nasi tuulize.

Mahali pa kulala ni pawili: ukingoni mwa kreta, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, au chini mjini Karatu. Nani asiyependa kuamka akaona kreta miguuni pake? Nami mara ya kwanza niliwapeleka wangu huko juu, mwezi wa Julai, tukalala hemani. Lo, baridi ile! Watoto watatu, blanketi moja; mdogo alilia hata alfajiri. Kulipokucha ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hoteli nzuri zipo huko, ila bei zake zimepimwa kwa mfuko wa mgeni wa ng'ambo.

Kwa hiyo nasema bila kusita: mwenye watoto alale Karatu. Kutoka Arusha ni kilometa kama 150, lami njia nzima, na mabasi yapo kila siku. Nyumba za wageni ziko za kila bei, na chakula ni kile mlichozoea. Fikeni jioni, mlale, na alfajiri mwondoke, maana lango la Lodoare hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jioni saa kama hiyo magari yote hutakiwa yawe yametoka kreta.

Sasa gari, na hapa ndipo wengi huumia. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, tena ni kidogo sana kuliko cha mgeni, usisahau kitambulisho. Lakini iko ada nyingine ya kuteremka kreta, nayo hutozwa kwa gari, si kwa mtu. Gari la watu wawili hulipa sawa na la watu saba! Yafaa basi kuungana na jirani mkajaza viti. Gari lenyewe lazima livute kwa magurudumu yote manne. Mwulize mwenyewe kabla hujampa hata senti: bei hii ina ada ya kreta ndani yake? Akijibu "tutaongea langoni," tafuta mwingine.

Huko chini, baada ya ukuta wa mita kama 600, kuna uwanda wa kilometa za mraba kama 260: simba, nyati, tembo dume katika msitu wa Lerai, viboko penye chemchemi ya Ngoitokitok, na vifaru weusi mkibahatika. Mtoto usimwahidi twiga. Hayumo, ukuta ni mkali na miti ya kumlisha ni michache. Chakula mleni ndani ya gari, maana mwewe wa hapo hunyakua mkate mkononi mwa mtu. Na Wamasai mtakaowakuta njiani hapo ni kwao. Sheria ya mwaka 1959 iliyoanzisha hifadhi hii iliwaweka watu na wanyama pamoja. Msiwapige picha bila kuwaomba.

Machi hadi Mei ni mvua na utelezi. Likizo ya Juni ni kavu, ila kila mtoto awe na sweta, si la kuazimana. Mkirudi Karatu jioni, waogesheni kabla ya kula. Vumbi la kreta huingia hata masikioni.